Tangazo Lililopauka

Katika mji ule, mtu akifa, tangazo la kifo chake hubandikwa mlangoni kwake. Inspekta Amparo alikuja kumwambia Bi Remedios kwamba mumewe amekutwa amekufa alfajiri ile nyuma ya kanisa, povu mdomoni. Alikuta tangazo limeshabandikwa, tena limepauka kwa jua la siku nyingi.

"Nani alikuletea habari, mama?"

"Kunywa kahawa kwanza, mwanangu."

Amparo alikunywa kwa heshima ya msiba. Mezani, kando ya kopo la gundi, kulikuwa na tangazo jingine, halijaandikwa jina. Bi Remedios akashika kalamu.

"Nitajie majina yako ya ukoo yote mawili, la baba na la mama."

Amparo akatazama kikombe chake. Kilikuwa kimebaki nusu.