Bunduki ya Delmar

LaVonne Zastrow aliweka begi tupu la bunduki juu ya kaunta ya polisi, akafungua zipu, akasema, "Haya, tia humo."

Konstebo Pruitt alilitazama begi, kisha akamtazama mwenye begi. Alikuwa kijana wa Chicago, mgeni huku Wisconsin kaskazini, na wiki nzima mama huyu alikuwa akimrudia kama homa.

"Mama, nilishakwambia. Silaha iliyookotwa ina taratibu zake."

"Taratibu gani tena? Risiti ya duka nimekuletea. Namba umelinganisha mwenyewe. Bunduki ni ya mume wangu, kainunua kihalali wewe hujazaliwa. Hata huyo msamaria aliyeiokota mtaroni nimesema nimpikie keki, jina lake hutaki kunitajia!"

"Ameomba asitajwe," alisema Pruitt, akajitia kupanga kalamu.

"Mwanangu, kesho msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Wajane wenzangu wanakuja kwangu jioni. Utanitia aibu."

Pruitt alisimama wima, akavua kofia. "Pole sana, mama. Sikujua kama mzee ametutoka. Sasa hapo itabidi tusubiri mambo ya mirathi, mahakama..."

"Mahakama ya nini? Nani kafa?" LaVonne aliipiga kaunta kofi. "Delmar yuko kwenye gari! Wajane wa kulungu, we mtoto! Wanaume wakishakwenda kambini kuwinda, huku ndivyo tunavyoitwa. Siku tisa hakuna kupika, hakuna soksi sakafuni, hakuna mtu wa kukuuliza miwani yake iko wapi na ameivaa. Ni karata na brandi tu. Mwaka mzima nazingoja siku hizo!"

Hakuwa akitania. Bila bunduki Delmar angebaki nyumbani, na Delmar akibaki nyumbani humfuata mkewe chumba hadi chumba akimsimulia habari za hali ya hewa. LaVonne alimpenda mumewe, hilo halina ubishi, ila kila Novemba alimpenda zaidi akiwa mbali.

"Lazima mwenyewe aje atie saini," alisema Pruitt kwa unyonge.

LaVonne alitoka mbio, akarudi akimvuta Delmar kwa mkono wa koti lake la rangi ya chungwa. Mzee alikuwa amenyong'onyea. Tangu bunduki ipotee alikuwa hivyo, na mkewe alimhurumia kwelikweli. Mtu ambaye tangu ujana hajakosa hata mwaka mmoja kambi ya kaka zake, pigo hilo si dogo.

"Kitambulisho, Delmar."

Delmar alipapasa mfuko mmoja mmoja, taratibu. "Nadhani nimekisahau nyumbani."

"Najua. Ninacho hapa," alisema LaVonne, akakitoa kwenye mkoba wake.

Delmar alitia saini, herufi baada ya herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Pruitt akaingia stoo, akakawia huko hata LaVonne akaanza kumwita kwa sauti. Hatimaye akatoka na bunduki. LaVonne aliikagua kama haina risasi, akaitia kwenye begi, akamtundikia mumewe begani, kisha akambusu konstebo shavuni.

"Mungu akubariki, mwanangu! Umeniokoa! Ngoja niwapigie simu wanawake!"

Akatoka nusu akicheza.

Delmar hakumfuata. Alingoja mlango ujifunge, akahakikisha mkewe ameshika simu huko nje, ndipo akaiegemea kaunta.

"Sasa wewe kijana," alisema kwa uchungu, "siku ile nilipokuletea bunduki hii, si uliniapia haitatoka humu mpaka Krismasi?"