Shati la Kijani

“Niambie unaona namba gani hapa,” alisema Raheli, muuguzi wa macho.

Stefano aliitazama kadi. Aliona vidoti tu, vikubwa kwa vidogo, vimejazana kama mchele uliomwagika.

“Hakuna namba, dada.”

Raheli akamwonyesha kadi nyingine, kisha nyingine. Ilikuwa mwaka 2004, na Stefano alikuja kupimwa afya ili aajiriwe kwenye boti ya kuongozea meli, bandarini Mtwara. Mpaka hapo kila kipimo kilikuwa safi.

“Mbali unaona vizuri kuliko hata mimi,” Raheli alisema hatimaye. “Ila macho yako hayatenganishi nyekundu na kijani. Umezaliwa hivyo. Kazi ya boti hutaipata, kaka. Taa za baharini ni hizo hizo, nyekundu na kijani.”

“Lakini rangi nazijua! Majani ni kijani, damu ni nyekundu.”

“Unajua kwa sababu uliambiwa. Kitu ambacho hukuambiwa, unabahatisha tu.”

Stefano akakumbuka utoto wake Mpapura. Wenzake waliyaona mabibo mekundu kwenye mikorosho wakiwa mbali. Yeye ilimbidi asogee, ayaminye moja moja kujua yaliyoiva. Alidhani ni uzembe wake.

Kisha akakumbuka jambo jingine, akajiinamia. Raheli alidhani anasikitikia kazi.

Miaka minane nyuma, baba yake akiwa mwalimu Mpapura, Stefano alimwona mtu akitoka mbio nyuma ya ghala la korosho, alasiri, na kupotelea mikoroshoni. Haukupita muda moshi ukatanda. Mavuno ya kijiji kizima yakateketea.

Mahakamani hakimu alimwuliza alimtambuaje mtu huyo.

“Alinipa mgongo, sura sikuiona,” alijibu bila kusita. “Alivaa shati la kijani.”

Mwenye shati la kijani alijulikana: Athumani, ambaye siku moja tu kabla ya moto aligombana na karani wa ghala aliyezikataa korosho zake kwamba hazijakauka. Athumani alishika msahafu, akaapa kuwa siku ile hakulivaa shati lile. Mkewe, Mwanaidi, akasema alilifua mwenyewe, na saa ile lilikuwa bado bichi kwenye kamba. Nani angewaamini, dhidi ya kijana wa mwalimu asiye na ugomvi na mtu? Athumani alifungwa miaka saba.

Siku tatu chakula hakikumshuka Stefano. Ya nne alipanda lori la mizigo, akaenda Mpapura.

Aliwakuta wote wawili uani wakimenya mihogo ya kuanika. Athumani alikuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia. Alikuwa mwembamba, kichwa chote mvi.

Mwanaidi alileta kigoda. Stefano hakukaa. Alipiga magoti mchangani.

“Shikamoo, kaka Athumani. Shikamoo, mama Hemedi. Mimi ni Stefano, mtoto wa mwalimu.”

Waliendelea kumenya. Akawaeleza yote: zile kadi, vile vidoti, maneno ya muuguzi.

“Kijani sikijui,” alisema. “Sijawahi kukijua. Nilibahatisha, nikakufungisha bure. Kesho nakwenda kwa hakimu niseme, wakusafishe jina.”

Mwanaidi akasimama, maganda yakamwagika miguuni pake.

“Nilisema! Mbele yao wote nilisema, shati liko kwenye kamba linachuruzika maji! Wakaniita mwongo. Miaka saba nalima peke yangu. Kisimani wanawake wananipisha kama mgonjwa wa ukoma. Hemedi wangu ameacha shule kwa kuitwa mtoto wa mchoma ghala. Leo unakuja kuniambia ulibahatisha?”

Alimpiga kofi. Stefano hakujikinga. Mwanaidi aliponyanyua mkono tena, mumewe akaudaka.

“Mwache.”

“Nimwache? Huyu?”

“Hana kosa, mwache.”

“Wewe ndiye wa kusema hana kosa? Baada ya yote aliyokufanyia?”

Athumani alimtazama yule kijana aliyepiga magoti akilia, halafu akamtazama mkewe, na mkono wake hakuuachia.

“Hukusema uongo, mama Hemedi,” alisema taratibu. “La kijani lilikuwa kwenye kamba. Mimi nilitoka ghalani nimevaa lile jekundu.”