Siku ya Ishirini na Tisa

"Watafiti wote hapa wana macho ya umbea, isipokuwa mimi. Sijawahi kuchungulia!" Dokta Ambakisye alijigamba kazini, na wenzake wakamzomea.

Kila mgonjwa alikuwa na kisanduku chake cha kwanta nyumbani. Kilijifunza mwili wake kwa siku thelathini, kisha kikataja dawa ya kumponya. Ukikifungua mapema, yote kiliyojifunza yanafutika, kinaanza upya. Onyo hilo aliliandika Ambakisye mwenyewe, kwa mbwembwe zote.

Mchana wa siku ya ishirini na tisa, mama yake mgonjwa akisinzia kitini kando ya kisanduku chake, kiherehere kilimshinda Ambakisye. Akainua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayedokoa nyama ya wageni. Kioo cha kisanduku kikaandika: Siku ya kwanza.

Na daktari wa hospitali alishasema mama hamalizi mwezi mwingine bila dawa.

Akampigia simu dada yake. "Dada Tusekile, umeme umekatika ghafla. Kisanduku kimejifuta. Hawa watu wa umeme, jamani!"

"Mwanangu," mama akaita nyuma yake, taratibu. Alikuwa macho, anatazama dari. "Hebu mwambie na dada yako, hii feni inazungushwa na nini?"