Mlango Ulioonja Grisi ya Mama Rehema

Siku hizi mlango wa gereji huiga tabia za anayeutia grisi. Kila mwezi Shekue ndiye aliyeukaza nati na kuzipaka bawaba zake grisi. Jioni moja mkewe, Mama Rehema, alirudi mvua ikinyesha, akapiga honi.

"Nakuja sasa hivi, mke wangu," mlango ukaitika, kama anavyoitika Shekue, wala haukutikisika.

Mama Rehema aliingia kwa miguu, amelowa chapachapa, akamnyang'anya mumewe kopo la grisi. "Kuanzia leo napaka mimi!"

Shekue akacheka.

Jumamosi iliyofuata alivaa shati jipya, akajipulizia manukato, akawasha gari. Mlango haukufunguka.

"Baba Rehema," ukauliza kwa upole, "ulisema unakwenda wapi vile?"