Nguo Chafu za Alhamisi

"Leo zimechafuka haswa," askari wa geti la gereza alisema, akimpa fundi cherehani mfuko. "Mumeo mzima huyo, dada. Mfu hachafui nguo."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka kidogo, kwa adabu. Kila Alhamisi waliacha nguo safi, wakapewa chafu. Kuonana na waume zao hakukuwepo.

Mume wa fundi alikuwa kinyozi. Redio ya kibandani ilikuwa ikitoa hotuba ya mkuu wa nchi, naye akacheka. Hakusema neno. Mteja wake aliinuka kitini, nusu kichwa hakijanyolewa, akaenda kumsemea. Huu ulikuwa mwezi wake wa saba gerezani.

Fundi alikuwa na namna yake ya kushona. Shati likiwa jipya, aliifunga midomo ya mikono kwa bandi, uzi mweupe wa muda, ili pasi ipite vizuri. Kisha aliufumua. Siku moja alisahau kuufumua, na kinyozi akasimama katikati ya chumba akipigapiga mikono kama bata.

"Mke wangu, hata kidole hakitoki! Umenishonea shati au gunia?"

Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki mbili nyuma shati lake la zamani lilirudi limechanika. Fundi akamshonea jingine, la buluu. Alilipiga pasi asubuhi ya Alhamisi iliyofuata, mguu mmoja ndani, mwingine nje, maana geti lilifungwa saa tatu na askari hakumsubiri mtu. Leo ndilo lililorudi.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshatoa beseni. Alilichomoa shati mfukoni, akalitia puani, akafumba macho.

"Jasho la mwanangu hili. Wanamfanyisha kazi, lakini anakula. Eti anakula?"

"Anakula, mama."

"Ona kola ilivyoiva! Mtu wa kutoa jasho hivi atarudi tu. Lete nifue."

"Pumzika, mama. Nitafua mwenyewe."

Mama mkwe akaingia ndani, akiimba kwa sauti ya chini.

Fundi akamimina maji, akalikunjua shati. Kola ilikuwa nyeusi tii. Makwapa yalinuka. Akavuta mikono ya shati aisugue.

Bandi yake ilikuwa bado imefunga midomo yote miwili, kulia na kushoto, haijafumuka hata uzi mmoja.