Wageni wa Stoo

Mgeni wa kwanza asubuhi hiyo alimwomba fundi viatu asimame mlangoni pa stoo na asicheke.

"Shika na kile kipande cha ngozi, mzee. Hivyo hivyo. Kichwa chini kidogo."

Fundi akainamisha kichwa, akapigwa picha. Alishazoea. Tangu mchezo wa kompyuta alioutengeneza mwanawe uenee duniani, wageni hawakauki mtaani. Kila kitu cha mtaa kimo mchezoni: ngazi iliyomeguka, duka la kona, hata ufa wa ukuta wa jirani. Ofisi ya utalii ilizipaka nyumba rangi upya zifanane na za kwenye mchezo, ikasimika vibao. Mtaa uliokuwa ukinuka mtaro sasa una hoteli mbili.

Nyumba iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya fundi, na ndani ya nyumba, stoo. Wageni waliingia wanne wanne, wakakaa mle gizani kimya kama wamefiwa. Wengine walitoka wakifuta macho.

"Wanampenda kaka yako," fundi alimwambia binti yake, aliyekuwa akikata tiketi mlangoni.

"Wanampenda, baba."

"Basi nionyeshe na mimi huo mchezo."

"Kwa macho yako hayo utaona nini? Mambo ya vijana hayo. Kanywe dawa."

Mwaka mzima jibu lilikuwa hilo. Fundi hakubishana. Kifua kilimbana, daktari alishaacha kumdanganya, na haja yake ilibaki moja tu: amwone kijana kabla hajafumba macho. Aliondoka akiwa na miaka kumi na sita, hakuaga, hakuandika. Sasa ni miaka kumi na tisa. Walimwengu walisema amemtupa baba yake. Haya, waje waone. Mtu aliyetupa kwao angekumbuka mpaka misumari ya stoo?

Mchana akaja mama mmoja mnene mwenye miwani. Alikaa stoo peke yake, alipotoka akaja kusimama mbele ya fundi.

"Ulimleaje mtu kama yule?"

"Samaki mkunje angali mbichi," fundi akasema, kifua mbele.

Yule mama aliitazama mikono ya fundi kwa muda.

"Umewahi kuucheza mchezo wake?"

"Wananibania. Sijui hata kama mimi kanikumbuka humo."

"Amekukumbuka."

Fundi aliacha kazi. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Nje basi lilikuwa limeshusha wageni wengine, binti amekwenda kuwapanga foleni. Yule mama akavuta kigoda, akatoa kifaa chake mkobani, akakiwasha na kumpa.

Fundi akaona mtaa wake. Akaona mlango wake, na benchi lake la kazi vilevile lilivyo, na kopo la gundi juu yake. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Sasa uko stoo," mama akasema. "Wewe ni mtoto wa miaka saba. Kitufe hiki, unajificha. Hiki, unajiziba mdomo, usisikike ukilia."

"Na nikipatikana?"

"Unaanza upya. Mimi nimeanza upya mara thelathini na kitu."

"Na nani ananitafuta?"

Mama akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Baba, umeshika nini hicho?" binti aliita kutoka mlangoni. Kisha akaja mbio, akipita katikati ya wageni. "Baba, kirudishe. Baba."

Fundi hakumsikia. Kwenye kioo komeo lilitikisika. Mtoto alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, na kidole cha fundi kikahangaika kutafuta kitufe cha kujificha. Mlango wa stoo ukafunguka, na fundi viatu akajiona anaingia.