Shuka la Bibi Mwanakheri

Katika ile sinema rahisi ya Kimarekani, wazungu waliojifunika mashuka walikaribia kumkamata kijana mweusi. Kitanzi kikapita juu ya waridi alilodarizi Bibi Mwanakheri, kwani shuka lililotundikwa kuonyeshea sinema pale kijijini Zombo lilikuwa lake, la harusi. Akainuka.

“Shikamoo bibi,” mwonyesha sinema akamsihi. “Kaa, ni maigizo tu.”

“Marahaba. Kwenye shuka langu hanyongwi mtu.”

Akafungua kamba. Shuka likadondoka, mwanga ukatupiga sisi tuliokuwa tukitazama kutoka nyuma ya shuka. Yule kijana, abishe anayebisha, akawa anakimbia vifuani mwetu, shati hadi shati, wauaji wakimfuata.

“Mnatazama nini?” Bibi akasema. “Mpisheni.”

Kijiji kizima cha ujamaa tukampisha, kisha tukaziba njia.